Kituo cha Mtu Mmoja

Habari kwamba kiwanda kimepata mnunuzi ilimkuta Koleo akipanga soksi za watu asiowajua. Alikuwa amepata kibarua kwa dobi, na kwa kuwa ndiye mgeni alipewa kazi ambayo kila mtu aliikimbia, ya kukaa mbele ya kikapu na kutafutia kila soksi mwenzake. Mwenye duka alitoa kichwa kwenye upenyo wa mlango akasema, "Wewe si ulikuwa kule kwenye magari ya umeme? Kiwanda chenu kimenunuliwa. Na walionunua ni wale wale mahasimu wenu." Koleo akasema, "Aa." Kisha akainama tena kwenye kikapu.

Msimdhanie hana moyo. Moyo alikuwa nao, ila ulikuwa umekufa ganzi tangu siku ile walipokusanywa wote kwenye ukumbi wa chakula wakaambiwa kampuni imefilisika, kila mtu achukue vilivyo vyake kabatini aondoke. Wengine walilia. Wengine walitukana mpaka wakaishiwa matusi wakaanza kurudia yale ya mwanzo. Koleo alimaliza chakula chake, akapeleka sahani panapopelekwa sahani, akaenda nyumbani. Alijua kwamba ataumia baadaye, kwa hiyo akasubiri. Wiki zikapita, miezi ikapita, hakuumia, na hakufurahi, na hakuona njaa wala shibe. Mama yake alikuwa akimwuliza kama mboga imekolea chumvi, naye anajibu ndiyo hata siku ambayo chumvi imesahaulika.

Jina la Koleo alipewa kazini, kwa sababu akishika kitu hakiponyoki. La kuzaliwa lilibaki nyumbani kwa mama yake, ambaye alikuwa akiishi naye kwenye vyumba viwili nyuma ya duka la vioo. Aliyembandika jina hilo ni shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, na yeye akamlipiza kwa kumwita Refa, maana mtu yule hakuweza kukaza hata nati moja bila kupiga mluzi. Haukuwa wimbo. Ulikuwa mluzi tu, unapanda na kushuka, hauna kichwa wala miguu. Kiwanda kizima kikayadaka majina yote mawili, na walipokuja wahasibu wapya ilibidi waelezwe kwamba Koleo ni mtu.

Wawili hao walikuwa kituo kimoja, kituo cha marekebisho ya betri, mwisho kabisa wa laini ya kuunda magari. Gari likishindwa kipimo cha umeme linaletwa kwao. Chini ya kiti cha nyuma cha magari yale kulikuwa na plagi ya rangi ya chungwa, ukubwa wa ngumi. Ukiichomoa, umeme wa betri unakatika na gari linakuwa bati tupu, unaingiza mikono utakapo. Mtu akiirudisha huku mikono yako bado imo ndani, hurudi nyumbani. Ndiyo maana sheria ya kampuni ya zamani ilikuwa fupi: anayeingiza mikono ndiye anayekaa na plagi, mfukoni mwake.

Sasa Refa alikuwa mtu wa kulala chali chini ya gari, na kila alipolala plagi ilimtoka mfukoni. Siku moja ilibingirika mpaka uvunguni mwa makabati ya vipuri, wakapoteza mchana mzima kuisaka kwa tochi na fagio huku msimamizi akiwasimamia na kuhema. Tangu hapo wakajitungia utaratibu wao. Refa anainama ndani ya gari, anachomoa plagi, anarudisha mkono nyuma bila kugeuka. Koleo yuko nyuma yake, anaipokea, anaitia mfuko wa kifuani, anafunga kifungo. Hawakuambiana kitu. Mkono wa mmoja ulikuja na wa mwingine ulikuwepo. Miaka yote hiyo uhai wa Refa ulikaa kifuani kwa shemeji yake, na kila alipotoka chini ya gari, mgongo umejaa vumbi, alisema neno lile lile: "Nipe roho yangu, shemeji." Koleo naye alimjibu, "Ngoja kwanza niangalie kama bado inafaa." Ulikuwa utani wa mashemeji, na hakuna kati yao aliyeuchoka.

Wanunuzi, basi, walikuwa washindani wa siku nyingi. Nao walitengeneza magari ya umeme, meupe, ya mviringo, na kwenye kiwanda cha kina Koleo yaliitwa friji. Likipita moja barabarani, lazima atokee mtu wa kuuliza kama lina barafu. Mzaha huo uliendelea mpaka friji zikauzika kuliko magari yao, na mwisho zikanunua hata jengo ambalo mzaha huo ulizaliwa ndani yake.

Hawakuwa watu wabaya, na hilo halina budi kusemwa, maana ingekuwa rahisi kuwachukia. Walikuja na rangi kwanza. Kabla ya kuleta mashine yoyote walizipaka kuta zote rangi ya bluu, wakaziba mashimo ya sakafu, wakabadilisha taa. Wakatangaza kwamba watawachukua wafanyakazi wa zamani kadiri watakavyoweza, kwa majaribio ya vitendo, bila kujali umri wala jinsia. Ila walikuwa na namna yao ya kufanya kazi. Kwao gari halilaliwi uvunguni. Linanyanyuliwa juu kwa jeki kubwa, na fundi anafanya kazi amesimama, kama mtu mwenye heshima zake. Kwa hiyo kituo cha marekebisho ya betri hakikuhitaji watu wawili tena. Kilihitaji mmoja, na kwa kuwa wangeanza na zamu moja tu, basi ni mmoja na si zaidi.

Kwa nafasi hiyo walipigiwa simu watu wawili, Koleo na Refa.

Jumapili kabla ya majaribio familia ilikutana nyumbani kwa dada. Cherehani yake ilisogezwa ukutani, nguo za wateja zikarundikwa kitandani, watoto wakafukuzwa waende kucheza nje. Refa alikuwa sakafuni na feni iliyofunguliwa, ya jirani, ambayo alikuwa ameitengeneza na kuifungua tena ili apate kuitengeneza. Aliinua bisibisi kumsalimu Koleo.

"Karibu, mpinzani," akasema. "Leo hatukupi kiti. Kaa pale kwenye ndoo, ujizoeze maisha ya kushindwa."

"Ndoo nitakuachia wewe, shemeji. Utaihitaji ukianza kulia."

Mama yao akacheka, kisha akalimaliza suala zima kwa namna yake. "Akipata huyu ni mwanangu. Akipata yule ni mkwe wangu. Mimi sina hasara." Akasogeza kikombe chake kijazwe.

"Mnaona?" Refa akasema. "Jina la Refa nimemwibia mama. Mwenye kazi ni huyu."

Walicheka wote, na Koleo alicheka nao, maana kucheka hakukuhitaji kitu chochote kutoka ndani. Unafungua mdomo, kicheko kinatoka. Baadaye alikwenda jikoni kumsaidia dada yake kuosha vyombo. Dada alikuwa akisugua kikombe kilichokwisha takata.

"Hapigi mluzi siku hizi," dada akasema. "Zamani nilikuwa namkemea, watoto wamelala, nyamaza. Sasa nasikia anavyopumua tu. Anaamka mapema, anavaa kama mtu anayekwenda kazini, anakaa pale. Wiki iliyopita nilimkuta amekaa na viatu mpaka saa sita."

Koleo akapokea kikombe akakifuta.

"Wewe una mikono mizuri," dada akaendelea, macho yake kwenye beseni. "Kokote utashika. Na nyumbani ni wewe na mama, hakuna mtoto anayekutazama mdomoni." Kisha kama aliyejisikia mwenyewe, akasema, "Sijasema usiende."

"Najua hujasema."

"Nenda. Mimi nazungumza tu."

"Najua, dada."

Koleo akarudi nyumbani na mama yake wakiwa wameshikana mikono, kwa kuwa macho ya mama hayakuona vizuri. Alijaribu kukasirika njiani, akashindwa. Akajaribu kumhurumia Refa na viatu vyake, hilo nalo likakataa. Aliona kwamba kesho atakwenda kwa sababu ameitwa, na mtu akiitwa huenda. Mama alimwuliza kama amemsikia dada yake anakohoa, akasema hapana, na ilikuwa kweli, hakuwa amesikia kitu.

Asubuhi walikutana langoni, Refa amenyoa ndevu, Koleo kwenye ovaroli yake ya zamani aliyoipiga pasi kwa dobi. Wakapewa ovaroli za bluu wavae juu ya nguo zao. Ndani, mabawabu walikuwa wapya na sakafu iling'aa, lakini laini ilikuwa pale pale, na mwisho wake, chini ya taa mpya nyeupe, lilikuwa juu ya jeki gari jekundu la kampuni ya zamani, mojawapo ya yale yaliyoachwa nusu siku ile ya ukumbi wa chakula. Lilikuwa limefutwa vumbi. Harufu ilikuwa ile ile, ya raba mpya na mafuta ya bawaba na kitu kama sarafu mdomoni, na Koleo alipoivuta akashtuka kwa sababu aliitaka. Aliitaka kazi ile. Hakuwa ametaka kitu kwa muda mrefu hivi kwamba mwanzo alidhani anaumwa tumbo.

Mkufunzi alikuwa mwanamke mdogo kwao wote wawili, mwenye sauti ya chini na subira nyingi. Alieleza utaratibu mara ya kwanza, akawaomba wamweleze yeye, akaeleza tena.

"Plagi ni ya mtu mmoja," akasema. "Ukiichomoa unaitundika kwenye ubao huu, unaifunga kwa kufuli lako, na ufunguo unauvaa shingoni. Kisha unapima kwa mita kuhakikisha umeme umekwisha, ndipo unaanza. Plagi haipiti kwenye mkono wa mtu mwingine. Hata angekuwa mama yako. Kule nilikotoka mwenzetu alimpa mtu amshikie. Yule mtu akaitwa kwenye simu, akampa mwingine amshikie." Hakuna aliyemwuliza kilichofuata. "Kwa hiyo ukiipeleka kwa mtu, jaribio limekwisha. Sitawapigia kelele. Nitasema asante tu."

Jambo la pili lilikuwa la yule anayesubiri zamu yake. Yeye angesimama ndani ya mstari wa njano, nyuma ya anayefanya kazi, ameshika fimbo ndefu ya plastiki ngumu yenye ndoano, ya kumvutia mtu akinaswa na umeme. Mikono miwili kwenye fimbo, wakati wote, na hakuna mazungumzo. Akiachia mkono mmoja, naye jaribio lake limekwisha.

"Tumeelewana?" mkufunzi akauliza.

"Tumeelewana, mwalimu," Refa akasema, na mkufunzi akatabasamu kidogo.

Refa ndiye aliyeitwa kwanza. Koleo akapewa fimbo. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyofikiri. Akasimama mahali ambapo angesimama siku yoyote ile, hatua moja na nusu nyuma ya bega la kushoto la shemeji yake, na hilo si kwamba alilichagua, ndipo mstari wa njano ulipopita.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Jeki ilishushwa kidogo, Refa akakagua glavu zake za mpira kwa kuzipuliza aone kama zina tundu, akavaa, akavaa na kufuli lake kwenye kidole kama pete ili asilisahau. Alikuwa mtulivu. Aliufungua mlango wa nyuma, akakunja kiti, akainama ndani mpaka kiunoni. Koleo alimwona anavyotafuta pindo la zulia kwa vidole. Hapo mluzi ukaanza.

Ulikuwa ule ule, unapanda, unashuka, hauna kichwa wala miguu. Hakuna mwingine pale aliyeujua. Mkufunzi labda aliona ni mtu aliyejiamini. Koleo aliujua, na alijua unachosema: kwamba mwenye mluzi ameshaondoka kwenye kiwanda cha bluu amerudi kwenye kile cha zamani, na kwamba hana habari. Mluzi ukishuka kwa namna fulani, bega la kushoto huinama. Bega likiinama, mkono unakuja. Alikuwa ameiona hivyo mara nyingi kuliko alivyouona uso wake mwenyewe.

Muda ulikuwepo. Watu wakisimulia mambo haya hupenda kusema yalitokea ghafla, lakini hili halikutokea ghafla. Muda ulikuwepo wa kusogeza mguu sakafuni. Ulikuwepo wa kukohoa. Kukohoa hakukukatazwa, mkufunzi alikataza mazungumzo, na hakuna mkufunzi duniani anayekataza kikohozi. Refa angesikia kikohozi cha shemeji yake mahali pasipo na kikohozi, angeacha mluzi, angekumbuka kufuli kidoleni mwake.

Koleo alisikiliza mluzi ukishuka. Alivuta harufu ya raba mpya. Hakukohoa.

Bega likainama, na mkono ukaja nyuma, umefunguka, na plagi ya chungwa juu ya kiganja.

Mkono wake mwenyewe wa kushoto ulianza kutoka kwenye fimbo. Huo haukumwuliza mtu. Ulitoka kiasi cha vidole kulegea, kisha akaurudisha akaubana mpaka viungo vya vidole vikauma. Mkono wa Refa ulibaki hewani. Ulisubiri kidogo, ukasogea kidogo nyuma zaidi, kama mtu anayemwambia mwenzake haya, chukua. Mluzi ukaendelea. Kisha ukakatika.

Refa akatoa kichwa ndani ya gari. Akaitazama plagi, akalitazama kufuli, akaitazama mikono miwili ya Koleo kwenye fimbo. Macho yake yalikaa hapo kwenye mikono kidogo. Halafu akaenda kwenye ubao, akaitundika plagi taratibu, akafunga kufuli, akavaa ufunguo shingoni kama alivyofundishwa.

"Ulikuwa unampa nani?" mkufunzi akauliza. Hakuuliza kwa ubaya.

"Mazoea," Refa akasema.

"Asante," mkufunzi akasema.

Kisha ikawa zamu ya Koleo, na Refa ndiye aliyeshika fimbo nyuma yake, mikono miwili, bila kutikisika, kwa kuwa sheria ilitaka mtu na hapakuwa na mwingine. Koleo akapuliza glavu. Akachomoa, akatundika, akafunga, akavaa ufunguo, akapima, akaanza. Mikono ilifanya kila kitu na yeye aliitazama. Alipomaliza, mkufunzi alisema maneno mengine, marefu zaidi ya asante.

Walitoka pamoja mpaka barabarani. Refa aliongea njia nzima. Alisema ile fimbo ilimpendeza Koleo, amefanana na mtu anayechuma mapapai. Alisema rangi ile ya bluu ni ya hospitali. Alisema soli ya kiatu chake imeanza kufunguka, lazima aitie gundi. Koleo alikuwa na neno moja tayari mdomoni, na kila Refa alipovuta pumzi alidhani ndipo atakapolisema, halafu Refa anaanza jambo jingine. Kwenye njia panda wakaagana.

Simu ilikuja kesho yake, kwa dobi. Mkufunzi mwenyewe ndiye aliyepiga. Kazi inaanza Jumatatu. Koleo akasema asante, na baada ya kukata akabaki ameishika simu. Alitaka aone kama ile hamu ya jana bado ipo. Haikuwepo. Ilikuwa imekuja ikafanya ilichokuja kufanya ikaondoka.

"Sura hiyo ni ya aliyepata au aliyekosa?" mwenye duka akauliza.

"Nimepata."

"Basi waambie mashavu yako, hayajapata habari."

Jumapili hiyo walikutana kwa mama. Vyumba viwili havikutosha, watoto wakakaa kitandani wamening'iniza miguu. Mama alikuwa amevaa vizuri, maana kwake hii ilikuwa furaha, na mwenye kuikataa aikatae kimoyomoyo. Alimbariki Koleo kwa kumwekea mkono kichwani, akamwambia Refa kwamba yake inakuja. Refa akasema amina kwa sauti kubwa, akasema yeye sasa atakuwa mume wa nyumbani, atajifunza kushona, atawashonea wote ovaroli za bluu. Watoto wakacheka. Dada hakucheka. Alikuwa amekaa karibu na mlango na kikombe ambacho hakukinywa.

"Hebu niambie," akasema, akimwelekea mdogo wake. "Wewe si ndiye uliyekuwa nyuma yake?"

"Ndiyo," Koleo akasema.

"Ukaona anarudisha mkono."

"Niliona."

"Miaka yote mmefanya kazi pamoja. Vile anavyoshika bisibisi unajua, chakula anachotema unajua. Hukujua kwamba ataurudisha? Kabla hajaurudisha?"

Mama akasema, "We, leo si siku ya hayo," lakini dada hakugeuka. Watoto wakaacha kuning'iniza miguu. Koleo aliliona swali lilivyokaa pale katikati, la haki kabisa, na jibu lake lilikuwa neno moja. Nilijua. Alifungua mdomo, na hata leo ukimwuliza hana hakika ni nini kingetoka.

"Alikohoa," Refa akasema.

Wote wakamtazama. Alikuwa akikoroga chai.

"Shemeji alikohoa. Tena si mara moja. Mkufunzi akamtolea macho, kidogo wamtoe na yeye. Mimi nikasema moyoni, huyu amepata wapi mafua? Nikaendelea na mluzi wangu." Akagonga kijiko kwenye ukingo wa kikombe. "Mtu mwenyewe hakusikia, wamfanyeje?"

"Alikohoa?" dada akauliza.

"Kama trekta."

Mama akacheka mpaka akajifuta macho. Watoto wakaanza kukohoa kila mmoja kwa mtindo wake, kitanda kikalia. Na uso wa dada, ambao ulikuwa umefungwa tangu aingie, ukafunguka wote kwa pamoja, ukawa tena uso wa mtu aliyembeba Koleo mgongoni walipokuwa wadogo. Akaweka kikombe chini. Akavuka chumba kile kidogo, akachuchumaa, akamshika mdogo wake mkono.

"Nisamehe," akasema. "Nilikuwa nimekuweka moyoni vibaya tangu siku ile. Sikulala. Asante kwa kumkoholea mume wangu."

Refa aliinua macho kutoka kwenye chai. Alimtazama Koleo moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu njia panda, na hakuwa amekasirika. Alikuwa akisubiri. Alikuwa amempa kitu mbele ya watu wote, na sasa alikuwa akiangalia atakifanyia nini.

"Si kitu, dada," Koleo akasema.

Refa akasubiri kidogo tena, endapo kuna lingine. Kisha akatikisa kichwa, polepole, akamwomba mama sukari.

Hapo ndipo Koleo alipoumia. Iliwaka kuanzia shingoni ikapanda masikioni, aibu yenyewe, nzima, yenye joto, na alitamani irudi ganzi yake hata kwa kuinunua. Dada alikuwa bado amemshika mkono, anausugua kwa kidole gumba kama mtu anayempa mwenzake joto, na Koleo hakujua autoe vipi.